Ukiomba, Unamwita Nani?

"Kaka, nipe hilo sanduku."

Fundi wa spika aligeuka. Uwanja wa stendi ya zamani ulikuwa umejaa pomoni. Wenye kofia za kushonwa walikuwa upande mmoja, wenye misalaba shingoni upande wa pili. Katikati walisimama wauza maji, wauza karanga, na wale wasio na upande wowote, waliokuja kuona nani atamwangusha nani. Juu ya jukwaa kilining'inia kitambaa cheupe chenye maandishi mekundu: MUNGU NI MMOJA AU NI WATATU? WOTE MNAKARIBISHWA.

Aliyemwita alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa blauzi nyeusi ya mikono mirefu na sketi ya kijivu. Hakuwa na pete wala bangili, na kucha zake zilikuwa fupi, hazina rangi. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, na wakalimani huvaa hivyo ili macho ya viziwi yasishikwe na kitu kingine isipokuwa mikono.

"Sanduku lipi?" fundi aliuliza.

"Hilo ulilolikalia. Nataka kusimama juu yake. Viziwi wamekaa pale ukutani, na mimi Mungu alinipimia kwa kibaba. Wakiambulia kuona kisogo cha mwinjilisti tu, si bora wangebaki nyumbani?"

"Na mimi nikae wapi?"

"Simama. Miguu yote hiyo umepewa ya nini?"

Fundi alisimama, akalifuta sanduku vumbi kwa kiganja, akambebea mpaka mbele ya jukwaa. Alikuwa kijana mwembamba, shati lake la bluu limepauka mabegani, na nyaya alikuwa amezivaa shingoni kama shanga. Ndiyo maana mjini walimwita Waya. Alirudi kwenye mashine yake, akashika kipaza sauti, akaanza kukipima.

"Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu."

"We Waya!" mkalimani alimwita kutoka juu ya sanduku. Jina alikuwa ameshalisikia kwa muuza karanga. "Hebu chagua upande. Ukifika tatu, unarudi kwenye moja. Hawa watakuita utoe ushahidi!"

Waya aliangua kicheko, na kipaza sauti kikakidaka. Uwanja mzima ukasikia mtu akicheka kabla mjadala haujaanza.

Alasiri ile mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Ustadh, mtu mnene mwenye sauti tamu na kanzu iliyonyooka kama karatasi, aliuliza, "Moja ujumlishe moja ujumlishe moja, ni ngapi?" Upande wake ukaitika, "Tatu!" Mwinjilisti naye, koti begani na jasho likimchuruzika, akajibu, "Na moja mara moja mara moja?" Upande wake ukapiga kelele, "Moja!" Vitabu vilifunuliwa, aya zikajibizana na aya. Mkalimani aliwapa viziwi yote, tusi na utani, hoja na pumzi. Mstari wa mbele alikaa rafiki yake, mshonaji kiziwi mwenye tepu ya kupimia shingoni, akitikisa kichwa kila mara kama mtu anayehesabu chenji.

Walipomaliza, Waya alimfuata akiwa na chupa ya maji.

"Pole, Vidole," alisema, akimpa jina papo hapo. "Nilikuwa nakutazama. Ulipokuwa unamfasiri mwinjilisti nilijua umeshinda. Ulipokuwa unamfasiri Ustadh nilijua tena umeshinda. Sasa wewe ni wa nani?"

"Wa kanisani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Na wewe?"

"Ustadh ni kaka yangu, tumbo moja."

Vidole alikunywa maji, akamrudishia chupa. "Haya basi, adui yangu. Kesho usikalie sanduku langu."

* * *

Mjadala uliendelea wiki hadi wiki, na mapenzi yakaota kandokando yake. Walikuwa na sharti moja, nalo lilitoka kwa Vidole. Walikuwa wamekaa kwenye mgahawa ulio nyuma ya karakana ya Waya, chai na mkate mezani.

"Uwanjani wabishane wao," alisema. "Sisi tule."

"Tule," Waya alikubali. "Ila nifundishe kwanza neno moja la mikono."

"Neno gani?"

"'Nimekukumbuka.'"

Vidole alilichezesha mkononi mara moja tu, haraka, kisha akainamia kikombe. Waya akaona masikio yake yamebadilika rangi.

Wote wawili walikuwa watu wapweke, ila kila mmoja kwa namna yake. Waya alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, akalelewa na kaka yake. Sasa alikaa peke yake katika chumba kilichoungana na karakana, katikati ya redio za watu zisizopona. Akitoka aliacha moja ikiunguruma, ili akirudi akute mtu anaongea. Vidole alipanga chumba upande wa pili wa mji, mbali na mama yake mjane. Mchana kutwa mikono yake ilibeba maneno ya wengine, ya daktari na mgonjwa, ya hakimu na mshtakiwa, ya mhubiri na waumini. Akifunga mlango jioni, mikono ile haikuwa na la kusema.

Kwa hiyo walipigiana simu.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Namenya kitunguu. Wewe?"

"Nasikiliza unavyomenya kitunguu."

"Huna kazi wewe."

"Hii ndiyo kazi. Endelea kumenya."

Jioni moja mvua ilikuwa inapiga bati, naye Vidole akashindwa kumaliza utani alioanzisha mwenyewe. Waya akangoja.

"Waya, nikikwambia kitu hutanicheka?"

"Sitakucheka."

"Tangu baba afe, sijui kuomba. Nikipiga magoti nikasema 'Baba', namwona yule wangu, na fimbo yake ya kuongozea kwaya, nalia. Nikisema 'Bwana Yesu', naona kama nimemruka Baba. Roho Mtakatifu ndiyo kabisa, sijui hata nimwanzie wapi. Basi nakaa tu pale sakafuni. Naamini, lakini sijui nimwite nani." Akajaribu kucheka. "Mtu wa kutafsiri Utatu uwanjani, chumbani unamshinda."

"Umemwambia nani haya?"

"Nimekwambia wewe."

Waya aliisogeza simu karibu zaidi na mdomo. Alisema, "Nipo hapa," na kwa Vidole hilo lilitosha.

* * *

Kosa lilitendeka mchana, juu ya sahani ya wali, nyumbani kwa Ustadh.

"Yule binti wa mikono," Ustadh alisema akimega tonge. "Unamkodolea macho mpaka spika zinakoroma. Unataka nini kwake?"

"Nataka kumuoa, kaka."

Ustadh alilishusha tonge. "Atasilimu?"

"Sijamuuliza, na sitamlazimisha. Kaka, huyu si mbishi kama wale wa jukwaani, ni mtu mkweli. Mimi mwenyewe aliniambia kwamba tangu afiwe na baba yake, akipiga magoti hajui amwite yupi kati ya wale watatu. Mtu anayesema hivyo ana moyo safi. Mpokee tu kama alivyo."

Alidhani anamlainisha kaka yake. Ustadh aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeokota kuni kavu wakati wa mvua, akaendelea kula.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulifurika kuliko siku zote. Mwinjilisti alikuwa ametoka kuongea vizuri, akashangiliwa, na Ustadh akaona upepo umemgeukia. Akakivuta kipaza sauti karibu.

"Ndugu zangu, mimi sitaleta aya sasa, nitaleta ushahidi wa binadamu. Yuko dada mmoja Mkristo, si wa mbali, tena hakosi kwenye uwanja huu. Amekiri kwa mdomo wake kwamba akipiga magoti hajui amwite nani! Amwite Baba, au Mwana, au Roho? Anakaa sakafuni kama mtu aliyepoteza namba ya simu! Jamani, dini gani hii ya kumpoteza mtu mpaka chumbani kwake?"

Upande mmoja ulilipuka kwa kicheko. Waya alikuwa na vidole juu ya vitufe vya mashine. Angeweza kuizima ile sauti, kwa kidole kimoja tu, lakini kidole kiliganda. Akili ilipomrudia, maneno yalikuwa yameshasemwa yote.

Juu ya sanduku, mikono ya Vidole ilikuwa imesimama hewani. Viziwi walikuwa wanamtazama. Walikuwa wameona midomo ya watu ikicheka, wakangoja waambiwe kinachochekwa, na hakuna mwingine uwanjani pale wa kuwaambia isipokuwa yeye.

Akawaambia. Alianza na yule dada Mkristo. Akawaonyesha magoti, sakafu, Baba, Mwana na Roho, na namba ya simu iliyopotea. Hakuruka hata neno moja, wala hakulipunguzia makali lolote.

Mshonaji hakucheka. Aliinua mkono, akauliza kwa ishara: ni nani huyo?

Vidole akaweka kiganja kifuani pake. Mimi.

Kisha akaendelea. Mwinjilisti alijibu, Ustadh akajibu jibu, na yeye akafasiri mpaka mwisho, mpaka dua na mpaka matangazo. Ndipo aliposhuka kwenye sanduku, akapenya katikati ya watu bila kugeuka. Waya alikimbia kumfuata, nyaya zikiburuzika nyuma yake, akakuta vumbi tu.

* * *

Simu iliita bila kupokelewa, siku baada ya siku. Waya alizizima redio zote, kwa sababu kila sauti ilimkera. Alipika, chakula kikalala. Alikwenda kwenye mgahawa, mhudumu akamuuliza, "Shemeji yuko wapi?" naye akajifanya anatafuta sukari.

Hatimaye, alasiri moja, simu ikapokelewa.

"Vidole?"

"Nani anaongea? Ni wewe au kaka yako?"

"Ni mimi. Mpenzi, naomba unisikilize. Nilimwambia kwa nia njema, nilitaka akupende, nilitaka aone..."

"Nilikwambia wewe, Waya. Sikuuambia uwanja."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, mkono wako ungefika kwenye kile kitufe. Nilikutazama. Nilisema, huyu atazima sasa hivi. Nilikungoja, Waya, mpaka neno la mwisho."

Simu ikakatika. Waya alikaa ameishikilia sikioni kwa muda mrefu. Halafu akaamka, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta uani anakagua kitabu kwa miwani.

"Kaka, ile kazi ya spika, tafuta mtu mwingine."

"Kwa ajili ya mwanamke? Mimi sikumtaja jina."

"Hukuhitaji kumtaja. Alijitaja mwenyewe kwa mikono yake, mbele ya watu wake, ili asiwanyime maneno yako. Angeweza kudanganya, nani angejua? Hakudanganya. Mimi na wewe, kaka, nani kati yetu ana uaminifu kama ule?"

Ustadh alivua miwani. Alikuwa hodari wa majibu, mji mzima ulijua. Upepo ukageuza ukurasa wa kitabu mapajani mwake, na hakuushika.

"Mama yake anakaa wapi?" aliuliza mwisho.

* * *

Mama yake Vidole aliwapokea sebuleni, leso kichwani, kitambaa cha kufuma kikiwa kimetandikwa kwenye kila kiti. Vidole alikaa kando ya dirisha, gauni lake la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni, hamtazami mtu. Ustadh alikataa kiti, akabaki amesimama mpaka alipoulizwa shida yake.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nimemdhalilisha mwanao."

"Alikuwa mbele yako, Ustadh, juu ya sanduku. Hukumwona?"

"Sikumwona, mama. Niliona hoja."

Mama alikaza fundo la leso. "Mume wangu naye alikuwa hivyo. Mtu akikosea sauti kwenye kwaya, hakumwona mtu, aliona sauti. Kaa. Nimekusamehe." Ustadh alikaa. "Ila kama mmekuja na jambo la pili, na ninaona kwenye macho ya mdogo wako kwamba lipo, hilo mimi silijibu. Binti ni mtu mzima. Msindikize mgeni wako, mwanangu, muongee."

Walitoka wakatembea mpaka kona, penye ukuta wa shule na kivuli chembamba. Jua lilikuwa limeegemea upande.

"Nisamehe," alisema Waya.

"Nimekusamehe tangu juzi. Ndiyo maana nilipokea simu."

"Basi kubali nikuoe. Wewe ubaki kanisani, mimi msikitini. Sheria yangu inaniruhusu."

Vidole alicheka kidogo, macho yamejaa. "Sheria yako imekuruhusu. Moyo wangu je?" Aliegemea ukuta. "Hebu tuvunje lile sharti letu. Hapa hakuna maiki. Niulize."

Waya alimgeukia. "Unaamini kweli? Utatu?"

"Naamini. Si kwa ile hesabu yao ya moja mara moja. Kilichonishika mimi ni kwamba Mungu hakuwahi kuwa peke yake. Kabla ya jua, kabla ya malaika, kulikuwa na kupendana tayari, Baba na Mwana na Roho. Mimi ninayerudi chumbani nikaongea na sufuria, nikikumbuka kwamba upweke si wa tangu mwanzo, napata usingizi. Na wewe? Kwa nini huwezi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Waya aliegemea ukuta kando yake.

"Wazazi walipokufa niliogopa kuwa mmoja. Kaka akanifundisha kwamba Yeye ni Mmoja, hana mwenzi, hana wa kufanana naye, na hapungukiwi na kitu. Nikasema moyoni, kumbe kuwa mmoja si kasoro. Katikati ya zile redio, ndiye aliyenifanya nisimame. Ukiniambia ni watatu, Vidole, unanichukulia yule wa pekee aliyenielewa."

Upweke ule ule uliowapeleka kwa Mungu uliwapeleka kwa milango miwili, na kila mmoja aliona wazi kwamba mwenzake hatanii.

"Ungeyasema haya uwanjani," Vidole alisema akijifuta, "wote wangekwenda nyumbani."

"Kule hawaulizi hivi." Alimsogelea. "Watu wengi wanaishi, mpenzi. Huyu na dini yake, yule na yake."

"Wanaishi, na wengine wanaishi vizuri. Mimi najijua. Siku ya dhiki nitamwita Yesu, na wewe utakuwa chumba cha pili unanionea huruma. Wewe utasujudu, na mimi nitakuwa nautazama mgongo wako. Mtoto atatuuliza, na kila mmoja atamwachia mwenzake ajibu. Upweke wa mtu mmoja nimeuzoea, Waya. Upweke wa watu wawili siujui, na ninauogopa."

"Na kama nikisema nitaifuata dini yako?"

"Ungenidanganya. Na mimi nikisema naifuata yako, ningekudanganya. Tutaanzaje nyumba na waongo wawili?"

Waya alimshika mikono, ile mikono isiyo na pete, akaishikilia kwa upole kama anashika kitu ambacho kikifunguka kitaongea. Kisha akaiachia. Vidole akarudi kwa mama yake, gauni la kijani likipotea nyuma ya ukuta. Ustadh alipotoka alimkuta mdogo wake amesimama kivulini. Hakumuuliza kitu. Alimwekea mkono begani, wakaondoka.

* * *

Mijadala haikukoma, ila uwanjani Ustadh hakuleta tena ushahidi wa binadamu. Waya alibaki na karakana yake, akatengeneza redio na simu, akapoteza unene ambao hakuwa nao. Watu wa mtaani walitaka kumwoza binti wa jirani, akasema, "Ngojeni kidogo," na kile kidogo kikawa kirefu.

Msimu ulipinduka, ukapinduka tena. Mchana mmoja alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, waya mwekundu kati ya meno, simu ikaita. Alipoona jina aliutema ule waya.

"Vidole."

"Uko kazini?"

"Niko. Wewe?"

"Niko kwa mshonaji. Ananipima gauni. Jumamosi naolewa, Waya. Ni mwalimu aliyefiwa na mke, wa kanisani kwetu. Sikutaka ulisikie kwa muuza karanga."

Waya alikaa chini taratibu. "Ni mtu mwema?"

"Mwema sana. Jioni tunaomba pamoja."

"Na upweke?"

Vidole alifikiri, maana hakuzoea kumdanganya. "Umepungua," alisema. "Haujaisha."

Upande wa pili cherehani ililia, ikanyamaza. Waya alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi Mungu akubariki," alisema. "Akupe nyumba yenye watu wanaoongea."

"Mungu yupi?" Vidole aliuliza, na kwenye sauti yake palikuwa na utani wa zamani na machozi ya sasa. "Wako au wangu?"

"Huyu anayetusikia sasa hivi."

Wakacheka kidogo, wote wawili.

"Amina," alisema Vidole.

"Amina," alisema Waya.

Kila mmoja alingoja mwenzake akate simu. Mshonaji, ambaye hakusikia lolote, alimgusa bibi harusi bega kumwomba ainue mkono, apimwe kwapa. Simu ikakatika. Waya aliitia mfukoni, akaiinamia tena redio ya mteja, akautafuta ule waya mwekundu sakafuni.